Seti ya mbao ya Caudron G.3: inafaa kwa karakana ya chuo?

Seti ninayoitathmini hapa ni ya kuunda mfano wa Caudron G.3, ndege ya Kifaransa ya mwaka 1914 yenye mabawa ya tabaka mbili, ambayo marubani wengi wa Vita Kuu ya Kwanza walijifunzia kuruka. Mfano huo ni wa kipimo cha 1 kwa 24, vipande vyake vimekatwa kwa leza katika balsa na plaiwudi nyembamba, na ndani ya boksi kuna pia karatasi ya kufunika mabawa, uzi, waya, stika, vipande vichache vya plastiki na kitabu cha maelekezo. Niliiagiza kwa ajili ya karakana ya useremala ninayofundisha hapa Dodoma, kupitia muuzaji wa Dar es Salaam anayeingiza bidhaa za aina hii kwa oda, na mzigo ukaletwa kwa basi. Bei ilikuwa shilingi 210,000 pamoja na usafiri. Kwa fedha hizo mkuu yeyote wa idara atauliza kama kitu hiki kinamfundisha mwanafunzi wa ufundi jambo lolote, au ni pambo la kuweka juu ya kabati. Jibu langu ni kwamba kinafundisha, tena kuliko nilivyotarajia, ila mtengenezaji ameweka akili yake yote kwenye mbao na kuzembea karibu kila mahali pasipo na mbao.

Nianze na mbao zenyewe. Ukataji wa leza ni safi. Kila kipande hutoka kwenye ubao kwa kuguswa na ncha ya wembe, na kingo zilizoungua huhitaji msasa laini kidogo tu kabla ya kupakwa gundi. La maana zaidi ni kwamba mbavu za mabawa zimekatwa kwa kufuata nyuzi za mbao kwa urefu wa ubavu, ilhali vipande vinavyopokea nguvu kutoka pande zaidi ya moja, kama vile fremu za kibanda cha marubani na viungo vya nguzo, vimetengenezwa kwa plaiwudi. Asiye fundi anaweza kuliona hilo kuwa dogo. Nimeshaona seti za bei ya juu zaidi ambazo mchoraji alipanga vipande kwa kubana nafasi ya ubao, mbavu nyingine zikakatwa kinyume cha nyuzi, na zikavunjika mikononi mwa wanafunzi hata kabla ya kufika kwenye gundi. Hapa hakuna ubavu uliovunjika pasipo mtu kuukalia.

Vipimo navyo ni vya kuaminika. Caudron G.3 halisi ilikuwa na mabawa ya mita 13.40 kutoka ncha hadi ncha na urefu wa mita 6.40, kwa hiyo mfano wa 1 kwa 24 unapaswa kuwa na sentimita 55.8 kwa 26.7, rula ilinipa hivyo hivyo, pungufu ya milimita moja kwenye mkia, tofauti ambayo msasa wetu wenyewe unaweza kuwa ndio ulioileta. Bawa la chini ni fupi kuliko la juu, kama inavyotakiwa. Ndege hii haina kiwiliwili kinachofika mkiani. Marubani wawili hukaa katika kibanda kifupi mfano wa hori, injini ikiwa mbele yao, na mkia wenye usukani wa pacha umeshikiliwa na fito nne zilizo wazi, ambazo mbili za chini huendelea mbele hadi chini ya mabawa na kutumika pia kama miguu ya kuburuzika ardhini, magurudumu yakiwa yamefungwa humo. Kuzisimamisha fito hizo nne zikae sambamba ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika seti hii, na mtengenezaji ametoa jigi ya plaiwudi ya kuzishikia wakati gundi inakauka. Jigi hiyo peke yake ningeilipia, kwa kuwa ilinipa nafasi ya kueleza kwa vitendo kwa nini seremala makini hutengeneza kwanza kifaa cha kushikia kazi, kisha ndipo huanza kazi yenyewe.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni nusu ya nyuma ya mabawa. Katika umbo lake la awali G.3 haikuwa na vile vibawa vidogo vinavyochezacheza kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, ambavyo ndege za leo huvitumia kulalia upande. Rubani alipotaka kuinamisha ndege kulia au kushoto, kebo zilivuta ukingo wa nyuma wa bawa hadi likajipinda, na upande mmoja ukapata nguvu ya kuinuka kuliko mwingine. Ili jambo hilo liwezekane, mhimili wa nyuma uliwekwa mbele kuliko kawaida, na mbavu zikaachwa nyembamba, zenye kunepa, kuanzia hapo kwenda nyuma. Mtengenezaji wa seti amelifuata hilo kwa uaminifu: sehemu ya mbele ya bawa ni sanduku gumu lisilotikisika, nayo sehemu ya nyuma hunepa ukiivuta kwa kidole na kurudi ukiiachia. Wanafunzi wa useremala huzoea kuona unepaji wa mbao kuwa kasoro, jambo linalofanya mlango ukwame au rafu ibonyee. Kuona mhandisi wa mwaka 1914 akiutegemea unepaji huo huo kuongoza ndege kulizua mjadala karakanani ambao sikuweza kuufunga mpaka kengele ilipolia.

Kitabu cha maelekezo, kilichoandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, kina kurasa chache za historia zilizofanywa vizuri. Kinaeleza kwamba ndege hiyo ilibuniwa na ndugu wawili, Gaston na René Caudron, huko Le Crotoy, mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Ufaransa, na kwamba vita vilipoanza ndugu hao hawakudai ada ya leseni kwa viwanda vingine vilivyotaka kuiunda, hata zikatoka zaidi ya 2,400. Ilianza kama ndege ya upelelezi, lakini kwa kuwa ilikuwa na mwendo mdogo na kwa kawaida haikubeba silaha, Wafaransa waliiondoa vitani katikati ya mwaka 1916, ikabaki shuleni kwa miaka mingi baadaye. Sababu ya kudumu huko inaonekana kwenye tarakimu. Ikiwa imepakia ilikuwa na uzito wa takriban kilo 710, na eneo la mabawa lilikuwa mita za mraba 27, maana yake kila mita ya mraba ilibeba kilo 26 tu. Cessna 172, ambayo wanafunzi wa urubani wa leo huitumia duniani kote, hubeba karibu kilo 68. Ndege nyepesi kiasi hicho hutua polepole na humvumilia anayejifunza. Mwendo wake wa juu ulikuwa takriban kilomita 106 kwa saa, ambao dereva wa basi akiuthubutu katika barabara ya Morogoro ataandikiwa faini na trafiki.

Kuna pia ukurasa kuhusu aina iliyoitwa rouleur, yaani ya kubingirika, ambayo kitambaa cha mabawa kilipunguzwa makusudi ili isiweze kupaa, na mwanafunzi akafanya nayo mazoezi ya kukimbia ardhini kwa mstari ulionyooka kabla ya kuaminiwa hewani. Seti inakuruhusu kuunda aina hiyo, kwa maana ya kuacha sehemu ya mbavu wazi bila karatasi, na kwa chuo cha ufundi ndiyo ninayoipendekeza, kwa kuwa kazi ya mbao hubaki ikionekana. Kitabu kinamtaja Adrienne Bolland, mwanamke Mfaransa aliyevuka milima ya Andes kwa G.3 tarehe 1 Aprili 1921, kutoka Mendoza nchini Argentina hadi Chile, kwa injini ambayo nguvu zake zinakaribiana na za gari dogo la leo. Hakimtaji Eugene Bullard, Mmarekani mweusi aliyepata leseni ya urubani Ufaransa mwezi Mei 1917, ingawa Caudron zilikuwa miongoni mwa ndege alizofunzwa nazo.

Pengo linalotugusa zaidi sisi ni Rufiji. Mwezi Juni 1915 Waingereza walileta kisiwani Mafia Caudron mbili na Henri Farman mbili, baada ya ndege za majini zilizotangulia kutaabishwa na joto na unyevu wa pwani yetu, ili zielekeze mizinga dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta. Manowari hiyo iliangamizwa tarehe 11 Julai mwaka huo; Wajerumani wakaopoa mizinga yake, wakaiwekea magurudumu na kuivuta bara, na katika mapigano ya Kondoa Irangi mwaka 1916 ilisikika huko. Mwanafunzi wangu mmoja ambaye kwao ni Kondoa alikuwa amesikia habari za mizinga hiyo nyumbani, wala hakujua kwamba ndege aliyokuwa akiipiga msasa ina uhusiano nayo. Mwalimu atakayenunua seti hii alieleze jambo hilo mwenyewe, maana kwenye boksi hatalikuta.

Sasa nije kwenye uzembe. Injini ni kipande cha plastiki ngumu chenye silinda tisa, kimefinyangwa vizuri, lakini maelekezo yanasema kigandishwe kwenye fremu na rafadha iachwe izunguke peke yake. Hilo ni kosa kubwa. Injini ya Le Rhône ya nguvu za farasi 80 ilikuwa ya aina ambayo mwili wake wote, silinda na vyote, huzunguka pamoja na rafadha, na ekseli ndiyo husimama. Tulitoboa katikati kwa keekee ndogo, tukapitisha waya, na sasa vinazunguka pamoja. Injini hizo zililainishwa kwa mafuta ya nyonyo, kwa sababu hayayeyuki kwa urahisi katika petroli. Wanafunzi, ambao wanaiona mibarika, yaani mimea izaayo nyonyo, ikijiotea kwenye viwanja vitupu vya mji huu, walifikiri nawatania.

Uzi wa kufungia nguzo na mabawa ni wa pamba yenye manyoya, na kwa kipimo hiki unaonekana kama kamba ya katani. Niliutupa, nikanunua uzi mwembamba wa cherehani na kuusugua kwa nta ya nyuki ili manyoya yalale, nta ambayo haina taabu kupatikana katika ukanda huu wa asali wa Manyoni na Singida. Magurudumu ya plastiki yana mshono unaoonekana, na mawili kati yake hayakuwa duara kamili. Stika za duara za mabawa zilinishangaza zaidi: karatasi moja ina rangi katika mpangilio sahihi wa Kifaransa, buluu katikati na nyekundu nje, ya pili imechapishwa kinyume, nyekundu katikati, ambao ni mpangilio wa Waingereza. Mtu asiyejua ataweka ndege moja katika majeshi mawili. Nilimwandikia muuzaji, akajibu kwa adabu na kuahidi karatasi nyingine, ambayo hadi ninapoandika haijafika. Tumepaka rangi kwa brashi.

Funiko la mabawa linahitaji tahadhari ya pekee kwa anayeishi kanda ya kati. Vanishi maalumu ya kukaza karatasi haimo kwenye boksi, kwa kuwa ni kimiminika kinachowaka, na maelekezo yanataja chapa ambazo hapa hazipo. Sila ya selulosi wanayotumia mafundi wa samani, ikizimuliwa kwa tina nusu kwa nusu, inafanya kazi hiyo bila tatizo, ilimradi madirisha yawe wazi. Tatizo ni hewa yetu kavu. Karatasi huloweshwa kwa maji ili ikikauka ijivute, na maelekezo yanakadiria saa kadhaa za kukauka. Hapa, mwezi wa Agosti, ilikauka wakati tunanawa mikono, na bawa la kundi moja, lililofunikwa upande wa juu tu, likajipinda kabla ya mtu kulishika. Sharti karatasi igandishwe pande zote mbili kwanza, maji yanyunyizwe kidogo, na bawa likandamizwe kwenye ubao bapa mpaka likauke kabisa. Vumbi la upepo wa Julai na Agosti nalo hung'ang'ania sila mbichi.

Anayetaka kuiagiza kwa ajili ya chuo atenge shilingi 30,000 zaidi kwa sila, tina, uzi, rangi na wembe, na asimpe kila mwanafunzi seti yake. Watu wanne kwa seti moja wanatosha, wawili kwenye mabawa na wawili kwenye kibanda na mkia. Kwa mtoto wa shule ya msingi siipendekezi, labda awe na mzazi mwenye subira. Aiagize mapema, mbao zikamilike kabla ya Krismasi, na kazi ya karatasi aiache hadi Januari au Februari, wakati mvua imelaza vumbi na hewa ina unyevu wa kutosha.