Nyumba ya Mawe Inayouzwa Mji Mkongwe: Je, Inastahili Bei Yake?

Nyumba ninayoiandikia tathmini hii ipo Mji Mkongwe wa Unguja, katika uchochoro ambao gari haliingii, na wenyewe wanaiuza kwa shilingi milioni 280. Ina ghorofa mbili juu ya ile ya chini, ua mdogo wa ndani, vyumba saba na duka moja linalotazama njia. Mimi na dada yangu tuliitembelea mara nne, mara ya kwanza Januari wakati wa kaskazi na mara ya mwisho mwezi Mei, tukiwa na nia ya kweli ya kuinunua ili familia yetu irudi kuishi mjini. Ninaandika kwa sababu nyumba za aina hii zinauzwa kila mwaka, na wanunuzi wengi huamua kwa kutazama mlango.

Mlango wenyewe unastahili kutazamwa. Ni mzito, kizingiti chake cha juu kimenyooka, kimechongwa maua na mnyororo pembezoni, na katikati yake umeandikwa mwaka 1309 wa Hijria, yaani kati ya 1891 na 1892. Dalali aliutumia mwaka huo kama cheti cha kuzaliwa cha nyumba nzima. Lakini milango ya Unguja imekuwa ikihamishwa kutoka nyumba hadi nyumba tangu zamani, na fremu ya huu imezibwa kando kwa vipande vya matofali ya saruji, kwa hiyo mwaka ule unaeleza umri wa mlango tu. Nje pana baraza ya mawe pande zote mbili, na ndani, hata saa nane za mchana, unahisi ubaridi ambao nyumba mpya za matofali haziupati bila feni. Kuta zina unene unaozidi nusu mita. Hayo ni mazuri ya kweli na sitayapunguza.

Ili kuelewa kasoro zake ni lazima kwanza kuelewa ilivyojengwa. Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko, nyingi zikiwa zililetwa na majahazi kutoka delta ya Rufiji, kama zilivyopelekwa pia Oman na Ghuba. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu lakini vyembamba, aghalabu visivyozidi mita tatu. Juu ya boriti hupangwa mawe na kumwagwa zege la chokaa, kisha hupondwapondwa hadi lishikane. Nyumba kama hiyo ikiwa kavu inaweza kukaa zaidi ya karne moja. Ikiingiwa na maji, chokaa inalegea, vichwa vya boriti vilivyofukiwa ukutani vinaoza pasipo mtu kuviona, na mchwa hufuata unyevu. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu nyumba ya mawe ni maji yanaingilia wapi na yamekuwa yakiingia kwa muda gani. Umri wake ni jambo la baadaye.

Ziara ya pili tulikwenda na fundi wa chokaa, mzee ambaye amefanya kazi hiyo tangu ujana wake. Tulimwamkia, akaitikia, akapita mlangoni bila kuutazama. "Mwanangu," aliniambia, "mlango utauona kila siku ukishanunua. Leo tupandishe juu." Katika chumba cha nyuma cha ghorofa ya pili alipanda ngazi ya mbao, akatoa bisibisi na kuichoma boriti moja moja pale inapoingia ukutani. Kwenye boriti nzima bisibisi iligota na kutoa sauti kavu. Alipofika ya nne kutoka dirishani ilizama hadi mpini, na alipoichomoa ulimwagika unga wa kahawia uliotuangukia mabegani. Chumba kile kina boriti 23, na tisa kati yake zilikuwa hivyo. Kwa chini zilionekana nzuri kabisa, kwa sababu zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe mpya.

Rangi hiyo mpya iliniuma zaidi kuliko boriti zenyewe. Nyumba ilikuwa imepakwa chini na juu muda mfupi kabla ya kutangazwa, tena rangi ya plastiki, na kwenye kuta za chini ilikuwa imepakwa juu ya lipu ya saruji. Mtu asiyejua huona ukuta laini na kufurahi. Saruji haipumui kama chokaa: unyevu unaopanda kutoka ardhini, ambao zamani ulikuwa ukitoka polepole usoni mwa ukuta, sasa unazuiwa, unapanda juu zaidi na kuyalegeza mawe kwa ndani. Fundi aligonga ukuta wa ukumbi kwa kifundo cha kidole kuanzia sakafuni hadi kifuani, na karibu kote ulilia kama debe tupu. Alibandua kipande kimoja kwa ruhusa ya mwenyeji wetu. Nyuma yake palikuwa na chumvi nyeupe kama unga wa muhogo, na chokaa ya asili ilikuwa laini kiasi cha kukwanguliwa kwa ukucha. Ukuta ule hauwezi kupakwa rangi tena ukapona. Saruji yote ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke kwa miezi kadhaa, kisha ndipo upigwe lipu ya chokaa, na gharama hiyo mnunuzi aihesabu kabla ya kutaja bei.

Katika ukuta wa nyuma pana ufa unaoanzia pembe ya dirisha na kushuka kwa mshazari hadi sakafu ya ghorofa ya kwanza. Dalali alisema ni ufa wa siku nyingi ambao umeshatulia. Huenda ikawa kweli, kwani nyufa nyingi za nyumba kongwe ni makovu tu. Lakini jambo hilo linapimika, wala halihitaji chombo cha bei. Fundi alichukua kipande chembamba cha kioo cha urefu wa kidole, akakibandika kukatisha ufa kwa chokaa iliyochanganywa na saruji kidogo, akaandika tarehe pembeni kwa penseli. Tulirudi baada ya wiki sita, katikati ya masika, na kioo kilikuwa kimekatika vipande viwili vilivyoachana kwa unene wa kadi ya simu. Ukuta bado unatembea. Ukisimama uani na kuutazama kutokea pembeni, unaona pia kwamba umetoa tumbo kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili.

Namsihi kila mnunuzi aione nyumba ya namna hii wakati wa masika, hata kama itambidi asubiri miezi. Januari nyumba ilikuwa kavu na ya kupendeza. Siku ya mvua kubwa ya Aprili tulikuta maji yakiteremka ndani ya ukuta wa ngazi kwa mstari mpana, kwa sababu mabati yaliyowekwa juu ya paa la zamani la bapa yanamwaga maji kwenye mchirizi uliotoboka kutu, na mchirizi huo umeegemezwa moja kwa moja juu ya ukuta wa nyuma. Hapo sababu ya boriti, ufa na tumbo la ukuta ikawa moja. Bi mkubwa wa nyumba ya jirani, tuliyempigia hodi na kumwomba radhi kwa usumbufu, alitueleza kwa upole kwamba kila masika vijana wa nyumba ile walikuwa wakipandisha ndoo juu usiku, na kwamba yeye mwenyewe huondoa godoro lake kwenye ukuta wa pamoja ifikapo Machi. Dakika kumi barazani kwake zilitufaa kuliko maelezo yote ya dalali.

Zipo gharama ambazo nyumba ya mtaa mwingine isingekuwa nazo. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tangu 1985 ipo Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, ambayo mtu hupeleka kwake michoro na kuomba kibali kabla ya kugusa jengo. Mnunuzi anayefikiria kung'oa dari za boriti na kumwaga zege zito la nondo asidhani ataamua peke yake, na mimi naliunga mkono zuio hilo kwa moyo wote, kwani uzito wa zege juu ya kuta zilizolegea ni hatari kwa jirani pia. Sote tunakumbuka tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilipoporomoka likiwa katika ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha. Tena kila mfuko wa chokaa na kila boriti itafika mlangoni kwa mkokoteni na mabega ya mahamali, na kifusi kitatoka vivyo hivyo.

Upande wa hati ndio uliotuchukua muda mrefu zaidi. Nyumba bado ina jina la babu aliyefariki zamani, na mirathi yake haikugawiwa. Anayeuza ni mjukuu mmoja, kijana mwenye adabu ambaye sina shaka na nia yake, lakini warithi tuliowahesabu kwa msaada wake ni 14, wanne wakiwa Maskati na mmoja Uingereza. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu mjane ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, ikiwa marehemu ameacha watoto, na binti ana fungu lake, nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Katika orodha ya kwanza tuliyopewa hapakuwa na jina la binti hata mmoja. Tulisema wazi kwamba hatutatoa hata arubuni mpaka ipatikane hati ya warithi kutoka Mahkama ya Kadhi na hati ya uwakala iliyosainiwa na kila aliye mbali. Mnunuzi anayelipa mapema kwa kuonewa huruma huishia kununua kesi, na shangazi aliyesahauliwa ana haki ya kudai hata baada ya ukarabati kumalizika.

Tulikwenda pia Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana kuhakikisha kwamba nyumba, au hata sehemu yake, haikuwekwa wakfu, kwa sababu mali ya wakfu haiuzwi na nyumba nyingi za mji huu ziliwekwa wakfu na wenyewe kwa ajili ya msikiti au kizazi. Nyumba hii si ya wakfu. Kilichobaki ni duka. Mpangaji wake anasema alitoa kilemba, yaani fedha ya kuingilia, alipopanga, na anatarajia kurejeshewa akitakiwa kutoka, ilhali mjukuu hana habari ya kilemba hicho. Ni mzee wa watu, amekaa pale miaka mingi, na sisi hatukutaka kuanza maisha ya mtaani kwa kumtoa mtu, kwa hiyo tumeamua kwamba tukinunua atabaki kwa mkataba mpya wa maandishi.

Sasa hesabu. Fundi, pamoja na mhandisi tuliyemlipa siku moja, walikadiria paa na michirizi milioni 34, dari ya chumba cha nyuma na kuufunga ukuta wenye tumbo milioni 41, kubandua saruji na kupiga lipu ya chokaa milioni 27, na vyoo, mabomba na umeme milioni 18. Jumla ni milioni 120. Fundi alisisitiza tuongeze sehemu moja ya tano ya jumla hiyo kwa yale ambayo ukuta hauyaonyeshi mpaka ufunguliwe, na baada ya kuona unga ule wa boriti sikubishana naye. Tukafika milioni 144. Bei inayotajwa, milioni 280, ni ya nyumba iliyo nzima, nayo nyumba hii si nzima, na anayeilipa bei hiyo atakuwa amelipia masika ambayo wenyewe waliyaacha yapite bila kubadilisha mchirizi.

Hata hivyo sisemi iachwe. Vyumba vyote vya mbele ni imara, boriti zake zililia sauti kavu kutoka mwanzo hadi mwisho, ngazi ya mawe haina ufa, na vidaka vya ukutani katika ukumbi wa juu bado vina nakshi yake ya chokaa ambayo mafundi wachache leo wanaweza kuirudia. Ubovu mkubwa umekaa upande mmoja na una chanzo kimoja kinachojulikana. Nyumba ambayo maji yanaingia kutoka pande tatu, au ambayo ukuta wake wa kati umetoa tumbo, ningemshauri mtu asirudi mara ya pili.

Tumewaandikia warithi barua ya bei ya milioni 150, inayoeleza kila kasoro na gharama yake ili waone hatukuipunguza kwa ujanja, na tumewaomba kwamba, wauze kwetu au kwa mwingine, mchirizi ule ubadilishwe kabla ya vuli. Mjukuu alituma ujumbe wiki iliyopita kwamba shangazi zake wawili walioko Maskati wamekubali kusaini na kwamba fundi wa mabati ameshapanda juu kupima.