Shule ya msingi ya serikali kama huduma: tathmini ya mzazi aliyekaa kwenye kamati

Nimekuwa mzazi katika shule moja ya msingi ya serikali, pembezoni mwa mji, kwa miaka tisa, na mitatu kati ya hiyo niliitumikia nikiwa mjumbe wa kamati ya shule. Watu huandika maoni yao kuhusu migahawa, mabasi na mafundi simu, lakini huduma ambayo familia nyingi za Tanzania huitumia kila siku kwa miaka saba mfululizo ni nadra kuandikiwa, labda kwa sababu haina bei iliyobandikwa mlangoni. Shule yenyewe sitaitaja jina, kwa kuwa walimu wengi ninaowakumbuka bado wako pale na kasoro nyingi nitakazozisimulia hazikutoka mikononi mwao.

Nianze na bei. Kuanzia Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, mzazi halipi ada wala mchango wa lazima kuanzia darasa la awali hadi kidato cha nne, na kidato cha tano na cha sita viliongezwa katika mwaka wa fedha 2022/2023. Kwa upande wa shule za msingi ada ilikuwa imekwisha kufutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, kwa hiyo kilichobadilika kwetu mwaka 2016 ni michango: ya mlinzi, ya mitihani ya kila wiki, ya madawati, ya karatasi. Mtaani tunasema elimu bure, na maofisa hutusahihisha kwa kusema ni elimu bila malipo, usahihisho ambao mwanzoni niliuona wa kisiasa tu hadi nilipokaa kwenye kamati. Sare, madaftari na viatu bado ni vya mzazi, na chakula cha mchana hupatikana pale tu wazazi wanapokubaliana kuchangia mahindi na maharage. Mlinzi naye hakuacha kula mwaka 2016.

Mteja wa kawaida akikuta kasoro humwita mwenye duka. Katika huduma hii, kumpata mwenye duka ni kazi yenyewe. Sera, mitaala na udhibiti ubora viko Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Usimamizi wa shule uko chini ya TAMISEMI, ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Shule kama mali, yaani kiwanja, majengo na madawati, iko chini ya halmashauri. Vitabu vya kiada huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Utumishi na nidhamu ya walimu viko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Na mishahara hutoka Hazina. Kati ya shule na halmashauri yuko Afisa Elimu Kata, ambaye wazee wa kwetu bado wanamwita mratibu. Mwaka wa pili wa ujumbe wangu mwalimu wetu wa hisabati wa darasa la sita alipata uhamisho wa kumfuata mwenza, jambo ambalo ni haki yake, na kwa muda wa muhula mzima kila mlango tuliobisha ulituelekeza kwenye mlango mwingine kwa heshima kubwa. Hakuna aliyetujibu vibaya, wala hakuna aliyekuwa na mwalimu wa kutupa. Mwishowe wazazi walichangishana kumlipa kijana mmoja mhitimu wa chuo cha ualimu aliyekuwa anasubiri ajira, nasi tukaandika katika muhtasari kwamba mchango huo ni wa hiari.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba fedha za shule ya umma zimegawanyika katika mifuko mitatu ambayo haikutani. Mfuko mkubwa kuliko yote, wa mishahara, hauonekani kabisa shuleni. Mwalimu analipwa na Hazina, na kamati haijui hata kiasi chake. Mfuko wa pili ni wa majengo, unaokuja kwa msimu, kwa jina la mradi. Wa tatu, mdogo kupita yote, ni ruzuku ya uendeshaji, na huo tu ndio kamati inaoukalia kikao.

Ruzuku hiyo imewekwa katika kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi kwa mwaka, na 25,000 kwa wa sekondari. Katika zile 10,000, shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo hushuka shuleni. Kiwango hiki chimbuko lake ni dola 10 kwa mwanafunzi zilizopangwa wakati wa MMEM, enzi ambazo dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,000. Dola imepanda hadi zaidi ya shilingi 2,000, bei za dukani zimepanda nayo, na katika miaka yangu mitatu ya kamati zile 6,000 zilibaki 6,000. Mtoto mmoja, kwa mwaka mzima, hakuweza kununuliwa rimu moja ya karatasi katika duka la vifaa vya ofisi lililo karibu nasi.

Shule yetu ilikuwa na wanafunzi wapatao 1,100. Hesabu yake si ngumu: milioni 6 na laki 6 kwa mwaka, au shilingi 550,000 kwa mwezi, za kununua chaki, karatasi za mitihani, umeme wa LUKU, maji, vitasa, vifaa vya michezo na nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri kuitikia wito. Kwa kulinganisha tu, mwalimu mkuu hupewa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi na Afisa Elimu Kata 250,000, posho ambazo siwaonei wivu, kwa kuwa kabla yake walimu wakuu walikuwa wanatoa nauli mfukoni. Lakini mtu mmoja kupewa posho inayozidi theluthi ya fedha za kuwahudumia watoto 1,100 ni jambo linaloonyesha ufinyu wa hizo za watoto.

Nakumbuka kikao kimoja cha mwezi Mei, tumekaa kwenye madawati ya darasa la nne, magoti yamegusa mbao. Kamati yetu ilikuwa na fundi cherehani mmoja, mama wawili wauza mboga, mstaafu wa reli, mwenyekiti wa mtaa, wawakilishi wa walimu, na mwalimu mkuu akiwa katibu kama utaratibu unavyotaka. Fedha zilizokuwepo zilitosha kitu kimoja kati ya viwili: karatasi na wino wa kudurufu mtihani wa majaribio wa darasa la saba, au gari la kunyonya majitaka, maana matundu manne ya vyoo vya wasichana yalikuwa yamejaa. Mwalimu mkuu alitetea mtihani, kwa sababu matokeo ndiyo humfanya aitwe wilayani. Mstaafu wa reli alimsikiliza hadi mwisho, akavua kofia, akasema: "Mwalimu, mtihani unaweza kuuandika ubaoni. Choo huwezi kukiandika ubaoni." Tuliita gari. Mtihani uliandikwa ubaoni kwa siku tatu, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu wa Kiswahili, na watoto wa mwisho darasani walisogea mbele kwa zamu ili wasome.

Viwango vya serikali vinataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na darasa moja lisizidi wanafunzi 45. Ninavitaja kwa sababu vimebandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, juu ya kabati.

Upande ambao huduma hii inastahili sifa ni njia ya fedha hizo kufika. Kabla ya 2016 ruzuku ilipitia halmashauri, na kila ilipopita ilipungua au ilichelewa. Tangu elimu bila malipo ianze, serikali ilipotenga shilingi bilioni 18.77 kwa mwezi kwa nchi nzima, fedha huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na mwezi huo huo mwalimu mkuu anaweza kuwaonyesha wajumbe taarifa ya benki. Baadaye ukaja mfumo wa kuandika mapato na matumizi kwa kompyuta, FFARS, ambao walimu wakuu wengi waliulalamikia kwa kuwa shule nyingi hazina mhasibu, na mwalimu wa somo fulani ndiye anajikuta mhasibu. Pamoja na hayo, nimeona tofauti. Mzazi akiuliza leo fedha za Machi zilifanya nini, jibu lipo, hata kama jibu lenyewe ni dogo.

Mfuko wa majengo una tabia nyingine kabisa. Mwishoni mwa mwaka 2021, kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabili UVIKO-19, serikali ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima, kwa shilingi milioni 20 kila chumba, na utaratibu uliotumika ni wa force akaunti, yaani jamii na mafundi wa mtaani badala ya mkandarasi. Fedha za miradi zilipofika kwetu, baada ya hapo, kamati tatu ziliundwa kwa wiki moja: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mimi niliwekwa kwenye mapokezi, kazi yangu ikiwa kuhesabu mifuko ya saruji inaposhushwa na kutia saini. Nilijifunza kupima nondo kwa jicho na kugundua mchanga wenye udongo. Ni utaratibu mzuri kwa bei, kwa maana chumba kinatoka kwa fedha ambayo mkandarasi angeitumia kwa msingi na renta. Ubaya wake ni kwamba kiasi kimepangwa kimoja kwa kila mahali, uwe Mbeya ambako saruji inazalishwa au Mafia ambako inavuka bahari. Pia fedha huja na tarehe ya mwisho. Sisi tulipiga plasta usiku, kwa taa za pikipiki, na ukuta mmoja ulianza kuchanika kabla ya mvua za masika.

Niliwahi kwenda kuketi benchi la nyuma kwenye Baraza la Madiwani, msimu wa bajeti, nikitaka kusikia shule yetu ikitajwa. Mikutano hiyo ni ya wazi kwa wananchi, ingawa mlinzi aliniuliza mara mbili nimetumwa na nani. Ombi letu la ukarabati lilikuwa mstari mmoja katika kabrasha nene, likapita bila kusomwa. Sikukasirika sana, kwa sababu nilipoisikia orodha ya mapato ya ndani, ushuru wa mazao, leseni za biashara, ushuru wa stendi, na kisha asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ambayo ni ya kisheria, niliona kilichobaki kinagombaniwa na zahanati, barabara na shule zaidi ya mia.

Jamaa yangu anayeishi Marekani hunicheka ninapomsimulia haya. Huko wilaya ya shule kwa kawaida ni mamlaka inayojitegemea, ina bodi ambayo mara nyingi huchaguliwa kwa kura, na sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na kodi ya majengo ya wakazi wenyewe. Bodi huajiri mkurugenzi wake na kupitisha bajeti yake. Kamati yetu haiwezi kutoza kodi, haiajiri mwalimu, wala haimwondoi mwalimu mkuu. Nilimjibu kwamba kwetu, kwa kuwa mshahara unatoka Hazina, mwalimu wa halmashauri maskini analipwa sawa na mwenzake wa daraja lake jijini, jambo ambalo kodi ya majengo haiwezi kuliahidi. Alikubali hilo, kisha akauliza kama huyo mwalimu yupo darasani.

Kwa mzazi anayetaka kuipima shule ya serikali kabla ya kuandikisha mtoto, ushauri wangu ni asianze na wastani wa matokeo. Aende siku ya kawaida, asimame mbele ya ubao wa matangazo. Shule inatakiwa kubandika fedha ilizopokea na ilivyozitumia. Aangalie kama karatasi ni ya robo hii au imepauka kwa jua, kama ina saini ya mwenyekiti wa kamati, na kama kiasi kilichoandikwa kinalingana na idadi ya wanafunzi mara 1,500, yaani robo ya zile 6,000 za mwaka. Kisha aombe kuonyeshwa vyoo. Aulize vitabu viko wapi: kwetu nakala 60 za sayansi za darasa lenye watoto 190 zilikaa stoo muhula mzima zikiwa na harufu ya wino mpya, kwa sababu aliyezipokea aliogopa kudaiwa zikipotea. Tulipozitoa, watoto watatu walishika kitabu kimoja na kilichopotea hadi Desemba kilikuwa kimoja tu.

Nikitakiwa kutoa alama, walimu nawapa nne kwa tano, utaratibu wa fedha kufika shuleni nao nne, na kiwango chenyewe cha fedha nakipa moja. Mamlaka ya kamati naipa mbili: inaulizwa kila kitu na kuamua vichache. Mtoto wangu wa pili yuko darasa la tatu pale pale, kwenye mtaala mpya, katika chumba kile chenye ukuta uliochanika, ambao umezibwa vizuri. Kamati ya sasa imeitisha mkutano wa wazazi Ijumaa ijayo, nami nimetumwa kuleta nukuu tatu za bei ya mabati.