Vyuma vya kuungia reli, kipimo cha 1:87: vinunueni, ila angalieni upande wa ndani

Pakiti niliyoagiza Marekani imeshafika Moshi, na kwa anayejenga reli ya mfano ya 1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko halisi, nasema bila kusita: inafaa.

Vyuma vyenyewe ni vya plastiki nyeusi, kimoja kama punje ya mchele. Kishike kwa kibano mbele ya taa uone bolti zake nne. Nati zinapishana: moja imetazama nje, inayofuata ndani. Reli halisi za Marekani hufungwa hivyo ili gurudumu likiacha njia lisikate bolti zote kwa pigo moja. Aliyechonga kitu hiki anaijua reli, na nimempenda kwa hilo.

Reli za zamani za Marekani zilikuwa za futi 39 ili zienee kwenye behewa la futi 40. Kwa 1:87 hiyo ni kama milimita 137 kutoka ungio hadi ungio, na kwao ungio la kushoto halikabiliani na la kulia. Mimi natengeneza stesheni yetu ya Moshi, ya reli ya mita moja iliyofika hapa kutoka Tanga mwaka 1911. Mzee jirani, aliyefanya kazi kwenye gengi la reli, alinikatalia: "Mwanangu, huku maungio yanatazamana." Nimefuata neno lake.

Kuvitoa kwenye fremu yake kunataka wembe mpya, mkweche unavivunja. Gundi usiibandike kutoka kwenye chupa. Dondoshea tone kwenye kipande cha bati, chovya ncha ya sindano, gusa mgongo wa chuma, kisha kisukume taratibu ubavuni mwa reli. Chora mwanya mwembamba juu ya reli kwa msumeno mdogo, halafu paka rangi ya kutu. Hapo ndipo njia inapokuwa njia.

Sasa upande wa ndani. Reli yangu ni ya kampuni ya Peco, njia ya upana wa milimita 12, kodi 75, yaani kimo cha inchi 0.075. Magurudumu ya zamani yana ukingo mrefu (ule mdomo unaoshuka upande wa ndani wa reli), yanagonga nati na behewa linarukaruka. Yenye ukingo mfupi yanapita vizuri. Kama mabehewa yako ni mchanganyiko, bandika nje tu; kwa njia iliyo mbele ya meza, jicho linaridhika. Njia za nyuma sijazigusa kabisa.

Pakiti haina maelekezo, na kipande kikiruka sakafuni ndiyo basi, kwa hiyo tandika shuka jeupe chini.

Kinachonisumbua sasa ni mataruma ya chuma ya kipimo hiki. Aliyeyaona dukani popote aniambie.