Bima ninayo, bingwa yupo, mashine haitaki vidole vya mama

Nianze na ushauri kabla hasira hazijanipanda. Ukimtafuta daktari bingwa hapa Mtwara na unatumia bima, usiulize kama bingwa yupo. Uliza anaona watu wa bima siku gani, na saa ngapi. Mimi kwenye simu niliambiwa "yupo, njooni", mama akapanda gari kutoka Newala na goti lake, tukafika tukaambiwa yupo kweli, lakini siku ile anaona wa keshi.

Hospitali siitaji. Walioko huku wataijua, na wasioijua wataikuta hali hiyo hiyo kwingine.

Goti la kushoto la mama limeanza kumsumbua tangu msimu wa korosho uliopita. Zahanati walimpa vidonge vya maumivu mpaka tumbo nalo likaanza kulalamika. Kituo cha afya wakaandika rufaa aonwe na bingwa wa mifupa. Bima ni yangu, mimi ni mwalimu. Kila mwezi asilimia 3 ya mshahara inakatwa kabla sijauona, mwajiri anaongeza 3 nyingine, na mama nimemwandikisha miongoni mwa wategemezi wangu. Sijawahi kuchelewa kuchangia, maana hata nikitaka kuchelewa sina uwezo huo.

Basi, siku ya bima ikafika, tukawahi. Juu ya dirisha kuna tangazo kwamba wazee wapewe kipaumbele. Chini ya tangazo, foleni ya wazee watupu, sasa sijui nani ampishe nani. Zamu yetu ilipofika, kijana wa dirishani hakutoa hata shikamoo. Alisema tu, "Kadi. Kidole."

Mama akaweka kidole. Mashine ikakataa. Akaambiwa afute mkono. Akafuta kwenye kanga, akaweka tena, ikakataa. Cha pili, cha tatu, mkono wote wa kushoto ukaisha. Kijana akanigeukia mimi, kana kwamba mama hayupo pale, akasema: "Huyu bibi hana alama za vidole. Mfumo haumtambui. Kama mna haraka mlipie keshi."

Mama yangu si mtu wa kelele. Alisema taratibu, "Mwambie nimekuja na goti, sikuja na vidole." Watu nyuma wakacheka. Kijana hakucheka, akaita "Anayefuata!"

Hapo ndipo nilipowaka. Siyo kwa sababu mashine imekataa, mashine ni mashine. Niliwaka kwa sababu tuko Mtwara! Mwanamke wa Newala mwenye umri wa mama yangu amebangua korosho tangu akiwa binti. Mafuta ya lile ganda yanababua ngozi. Hata ukipaka majivu, yanapenya, vidole vinakuwa vyeusi, vinachubuka, vinaota ngozi mpya laini isiyo na mstari. Kila familia huku ina vidole vya namna hiyo. Mtu anakaa kwenye dirisha la hospitali ya mkoa wa korosho, mashine inakataa vidole vya mbanguaji, na yeye anaona ni kioja kilichotokea leo. Nilimwambia hayo kwa sauti ambayo sitaki wanafunzi wangu waisikie. Akanijibu, "Dada, mimi sikuutengeneza mfumo." Kweli hakuutengeneza. Shikamoo je, nayo inatoka kwenye mfumo?

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa usafi, mwenye ndoo mkononi. Alimsogelea mama, akamwamkia, akauliza, "Umebangua, mama? Basi weka cha mwisho cha kulia." Mkono wa kushoto ndio unaoshika korosho, wa kulia unagonga, kwa hiyo kidole kidogo cha kulia huwa kimesalimika. Mama akakiweka. Mashine ikalia, jina likatokea. Kumbe ndivyo wanavyofanyiwa wengi pale, na anayejua ni mwenye ndoo, siyo mwenye kompyuta.

Mpaka hapo nilishaamua nitaandika kwamba msiende kabisa. Bora hospitali za misheni, Ndanda au Nyangao, kama walivyofanya wazee wetu, bora hata kukopa nauli ya Dar.

Halafu tukaingia kwa daktari.

Jamani. Kijana mdogo tu, nadhani ningeweza kumfundisha. Alisimama, "Shikamoo mama," akamvutia kiti mwenyewe. Hakukimbilia eksrei. Alimwambia atembee mpaka mlangoni na kurudi, akalikunja goti polepole huku mkono wake umelifunika kusikiliza linavyokwaruza. Akauliza mama anakaaje akibangua, kwenye kigoda au chini. Akauliza choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa au cha kukaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza mama yangu habari za choo kwa heshima namna ile. Akaeleza kwamba gegedu, ile sehemu laini inayokinga mifupa isisuguane, limelika, kwamba bado halijafika kwenye kisu, akamfundisha zoezi la kunyoosha mguu akiwa amekaa. Kisha akaitazama fimbo yake na kumwomba aishike mkono wa kulia, upande wa mguu mzima. Miezi yote hiyo mama alikuwa akiishika kushoto, upande unaouma! Alitoka akitembea tofauti, na dawa hata hajazimeza.

Kwa hiyo nafuta niliyosema. Nendeni. Kwa bingwa yule ningevumilia hata foleni ya kutwa.

Nasema hivyo, lakini ngoja niwaambie habari ya duka la dawa. Dawa mbili zipo, ya tatu imeisha, tukanunue nje. Nikauliza kama kuna duka la mtaani lenye mkataba na bima watuandikie tukachukulie huko. Dada akasema, "Lipo, ila lazima tuhakiki tena. Mama weka kidole." Mama akaweka kile cha mwisho cha kulia. Mashine ya pale ni nyingine. Ikakataa. Nikalipa keshi, nikaondoka kabla sijasema kitu.

Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote, maana jirani zetu wengi hawana hata kadi. Lakini huyo "wote" ni pamoja na wabanguaji, au wao watabaki nje ya mashine?

Mama amepangiwa kurudi, na anataka daktari yule yule. Mwenye kujua bingwa wa mifupa anayepokea bima upande wa Lindi au Masasi aniambie pia, na aniambie wanahakiki kwa kutumia kitu gani.