Lili ya 1953, muvi ya zamani niliyowekewa kwenye flashi hapa Mtwara

Nilipita sokoni kwa kijana mmoja anaweka muvi kwenye flashi, nikamwambia nataka za zamani za mapenzi zenye nyimbo ndani, mana bibi yangu kashuka toka Newala kuja kutibiwa mguu na muvi za kupigana hazitaki kabisa. Akaniwekea nne. Nilianza na hii Lili ya kampuni ya MGM ya kule Hollywood na mpaka leo zile tatu sijazifungua.

Lili ni binti wa miaka 16, yatima, anaingia mji asioujua huko Ufaransa kumtafuta mwoka mikate aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yake, anafika anaambiwa naye alishafariki. Hapo bibi akauliza, "Sasa mwali huyu kungwi wake nani?" Na kiukweli muvi nzima iko kwenye hilo swali, mtoto hana wa kumfunda, anajikuta kwenye kundi la maonyesho linalohama mji kwa mji, mahema, pembea, mataa, yaani kama Nanenane pale Ngongo, Lindi, usiku ukiingia, ila hawa ndo nyumbani kwao. Anamzimikia mtu wa mazingaombwe anaitwa Marc, mtanashati, mdomo mtamu, hajui kama yule dada anayemsaidia jukwaani ni mke wake wa ndoa. Anapewa kazi ya kuhudumia meza, anafukuzwa siku hiyohiyo mana anasimama kumtazama Marc anasahau wateja.

Usiku huo anapanda ngazi ndefu na ukimwangalia uso unajua anataka kujiua. Ndo sauti inamwita toka kibandani, kikaragosi cha mkononi chenye nywele nyekundu, Carrot Top. Wanatokea na wenzake, mbweha mwizi Reynardo, Marguerite anayejiona mzuri, na Golo, jitu kubwa lakini lioga, na Lili anakaa anaongea nao kama anaongea na watu, anawaambia mambo yake yote wala haulizi nyuma ya pazia kuna nani. Nyuma yupo Paul, zamani alikuwa mchezaji dansi mkubwa, vita ikamharibu mguu, akibaki mwenyewe ni mkali hana neno zuri kwa mtu, mkono ukiingia kwenye kikaragosi anaweza kusema kila kitu.

Bibi akasema, "Hili lipiko hili." Nilinyamaza mana kapatia. Kwetu Umakondeni lipiko, yaani mcheza ngoma wa kinyago, likitoka na sinyago usoni huulizi ndani ni mtoto wa nani, bibi anasema enzi zao wasichana walikuwa wanaambiwa ule ni mzimu na wao wanaitikia hivyohivyo hata kama miguu wanaijua.

Leslie Caron aliyecheza Lili alizaliwa 1931, kwahiyo alishapita miaka 20 wakati wanarekodi, ila anavyosimama, anavyoshika begi lake, unaona kabisa mtoto. Mel Ferrer ndo Paul. Ukisikia muvi ya nyimbo usitegemee waimbe kila dakika, wimbo ni mmoja tu, Hi-Lili, Hi-Lo, na dansi mbili za ndotoni, lakini muziki wa Bronislau Kaper uko chini ya kila kitu na ndo uliochukua Oscar, muvi yenyewe iliteuliwa kuwania Oscar sita.

Kitu sikukipenda, Paul anampiga Lili kibao kwa wivu, alafu muvi inapita haraka kama hakikutokea. Bibi alisema kama ni mjukuu wake arudi kwao na mimi naungana nae, mwanaume akiumia moyo sio ruhusa ya kupiga mtoto wa watu.

Sasa sehemu ya kuangalia kwa makini, Lili kaamua kuondoka anakuja kuwaaga vikaragosi, wanamkumbatia shingoni, na akiwa amewakumbatia anasikia wanatetemeka. Hawalii, hawasemi, wanatetemeka tu, mana ile ni mikono ya mtu. Anavuta pazia anamkuta Paul. Na kopi yangu ilikata hapohapo! Tulikaa siku mbili hatujui inaishaje, bibi kila asubuhi ananiuliza umeenda kwa yule kijana? Nilivyorudi aliniwekea upya bure, hakubishana, hapo namsifu. Ile ndoto ya mwisho Lili yuko barabarani anacheza na vikaragosi vimekuwa saizi ya watu, na kila mmoja anageuka kuwa Paul, bibi alishika mkono wangu mpaka ikaisha.

Haina DJ wa kuisimulia wala subtaito za Kiswahili, andaa mtu wa kutafsiri. Na kopi nzima ni dakika 81, mwambie anayekuwekea akusogezee mpaka mwisho uione kabla hujalipa.