Mashine ipi ununue Dodoma ukilitaka bombomu la Thunderlord

Thunderlord ni bombomu la umeme kwenye gemu ya Destiny 2. Ukishikilia kifyatulio bila kuachia, kasi ya risasi inapanda, na adui anayeuawa nalo huita radi kutoka juu. Lilianza kwenye Destiny ya kwanza mwaka 2014, likarudi Destiny 2 mwishoni mwa 2018. Lenyewe haliuzwi dukani. Unachonunua ni mashine ya kuchezea, na hapo ndipo pesa za watu zinapopotea, kwa sababu Destiny 2 haichezwi bila intaneti hata dakika moja. Silaha zako zote zinakaa kwenye seva za Bungie, kampuni yenye gemu hii. Mashine kali iliyofungiwa mtandao haina faida kwako. Ya wastani, safi, yenye diski kubwa na umeme uliotulia, inatosha kabisa.

Gemu yenyewe ni bure tangu Oktoba 2019. Kwa hiyo usikubali kuongezewa bei kwa sababu muuzaji anakupa na CD ya Destiny 2. Hadithi kuu iliyokuwa kwenye CD ile ya 2017 iliondolewa Novemba 2020, na hata ukiwa nayo bado utapakua zaidi ya GB 100. Ukiona CD ya Destiny ya PS3, hiyo ni gemu nyingine, ile ya 2014. Destiny 2 haijawahi kutoka kwa PS3 wala Xbox 360.

Ya kwanza: kompyuta ya ofisi iliyotumika, ukaiwekea kadi ya grafiksi

Hizi ndizo zile boksi ambazo mtaani tunaziita CPU: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na nduguze. Tunaziweka juu kwa sababu moja ambayo mwongozo wa kutoka Ulaya hautaitaja: gemu ya Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inanakilika. Rafiki aliyekwisha kupakua anakupa folda ya Destiny 2 kwenye diski ya nje, unaibandika ndani ya steamapps, kisha common, halafu unabonyeza kupakua. Steam inakagua mafaili na kuvuta yaliyopungua tu. Kwa anayekaa Ng'hong'onha au Ihumwa na anatumia bando la simu, hapo ameokoa karibu GB 100. Kwa intaneti ya Mbps 20 isiyoyumba, mzigo huo ungechukua kama saa 11. Kwa Mbps 10, siku nzima kasoro kidogo. Isitoshe, Steam inauza Tanzania moja kwa moja, na mashine hiyo hiyo utaandikia ripoti ya mafunzo kwa vitendo.

Kiwango cha chini kinachotajwa kwa Destiny 2 ni prosesa ya Core i3-3250, RAM ya GB 6 na kadi ya grafiksi ya GTX 660 au GTX 1050 ya GB 2. Kinachopendekezwa ni Core i5-2400 au zaidi, RAM ya GB 8 na GTX 970 au GTX 1060 ya GB 6. Lenga Core i5 ya kizazi cha nne au cha sita, RAM ya GB 8 iliyogawanywa vipande viwili vya GB 4, na SSD (diski ya kasi) ya GB 500. SSD ya GB 240 itakusumbua mara Windows na gemu zikishakaa pamoja.

Umbo la boksi lina maana kuliko watu wanavyodhani. Chukua tawa, lile refu. Boksi jembamba linapokea kadi fupi pekee, ambazo ni adimu na ghali, na kile kidogo kinachofungwa nyuma ya skrini hakipokei kadi kabisa. Pawasaplai za kompyuta hizi ni ndogo, nyingi kati ya wati 240 na 320, na kwenye matoleo mengi plagi yake si ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo kubadilisha pawasaplai kunahitaji adapta. Ndiyo maana tunashauri GTX 1050 Ti, au GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa ziada: zote zinakula wati 75 kutoka kwenye bodi yenyewe. RX 580 ina nguvu zaidi, lakini inadai waya wake wa umeme, na nyingi zilizoko sokoni zilichosha maisha yao kwenye kuchimba sarafu za mtandaoni.

Kadi bandia zipo tele. Kadi ya zamani inaandikwa upya programu yake ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows inadanganyika, gemu inagoma. Fungua GPU-Z, programu ya kukagua kadi, mbele ya muuzaji: kadi ya namna hiyo itaonyeshwa neno FAKE mwanzoni mwa jina. Dalili nyingine ni tundu la VGA la bluu, kwani kizazi hicho cha NVIDIA hakitoi tena mawimbi ya VGA. Angalia pia nyuma ya pawasaplai: ikiwa na swichi nyekundu, iwe kwenye 230 kabla hujachomeka. Kompyuta iliyotoka Marekani ikiwa kwenye 115 italipuka palepale, na hakuna muuzaji atakayekubali kuirudisha.

Laptopu ya Core i5 isiyo na kadi yake ya grafiksi isahau. Steam Deck, kikompyuta cha mkononi cha Steam, nayo isahau: mfumo wa kuzuia wadanganyifu wa gemu hii haukubali Linux, na kujaribu kuuzunguka kunaweza kukufungia akaunti.

Ya pili: Xbox Series S

Kwa Destiny 2 peke yake, hii ingekuwa ya kwanza. Fremu 60 kwa sekunde, umeme kidogo (pawasaplai yake ni ya wati 165), na ni ndogo kiasi cha kuingia kwenye begi la shule. Haina sehemu ya CD, jambo ambalo kwa gemu ya kupakua si hasara. Hasara iko kwingine: toleo la GB 512 linakuachia kama GB 364 tu, pedi za Xbox hazipatikani kirahisi kama za PlayStation hapa mjini, na fundi aliyewahi kuifungua ni wa kutafutwa. Kama wenzako wote wako PlayStation usihofu, mtacheza pamoja tangu Bungie waliporuhusu mwaka 2021.

Ya tatu: PS5

Picha bora, fremu 60, SSD ya GB 825 kwa ya kwanza na TB 1 kwa Slim nyingi. Imeshuka hadi hapa kwa sababu ya bei tu. Ukinunua iliyotumika, kataa iliyowahi kufunguliwa hadi ndani: kipooza-joto chake kinatumia metali ya majimaji, ambayo fundi asiyeijua akiimwaga kwenye bodi, mashine imekwisha. Kutoa makava ya pembeni na kufyonza vumbi kwenye vitundu vyake ni sawa.

Ya nne: PS4 Slim, ikiwa safi

Ndiyo rahisi kuipata na ndiyo yenye mitego mingi. Inaendesha Destiny 2 kwa fremu 30, unacheza vizuri tu, ila kwenye mapambano ya watu kwa watu utahisi uzito.

Mtego mkubwa ni PS4 iliyochipiwa, yaani iliyovunjwa ulinzi ili icheze gemu zisizonunuliwa. Ukiambiwa "ina gemu 30 ndani, huhitaji CD", hiyo imebaki na mfumo wa zamani makusudi, mara nyingi 9.00 au 11.00, na haiwezi kuingia PSN, mtandao wa PlayStation, mpaka isasishwe. Nyingine ziliingizwa mtandaoni zikiwa hivyo, zikafungiwa moja kwa moja. Njia ya kujua ni moja: washa hotspoti ya simu yako dukani, ingia na akaunti yako ya PSN. Ikikataa, rudisha pesa mfukoni.

Diski ya GB 500 inakuachia kama GB 400, na PS4 ina tabia ya kunakili gemu nzima wakati wa kusasisha. Kwa hiyo acha nafasi karibu mara mbili ya ukubwa wa Destiny. Diski inabadilishika kwa dakika 15: SATA ya inchi 2.5 yenye unene usiozidi milimita 9.5. Icheze nusu saa kabla ya kulipa. Feni ikianza kuvuma kama mashine ya kusaga, imejaa vumbi au dawa ya joto imekauka. Gemu ikijifunga na kuonyesha hitilafu CE-34878-0 mara kwa mara, shuku diski kwanza.

Kwenye pedi, bonyeza R2 taratibu hadi mwisho na uishikilie. Thunderlord linataka kifyatulio kishikiliwe, na springi iliyolegea itakukatizia risasi kabla kasi haijapanda.

Jambo moja kwa PS4 na PS5: Tanzania haimo kwenye nchi za PSN. Nchi utakayochagua unapofungua akaunti haibadiliki, na kadi za malipo lazima ziwe za nchi hiyo hiyo. Ukihamia kompyuta baadaye silaha zako zitakufuata, lakini nyongeza ulizolipia PlayStation zitabaki PlayStation.

Umeme na vumbi

Tenga hela ya UPS, betri ya akiba umeme unapokatika, kabla hujamaliza bajeti kwenye mashine. UPS ya VA 650 yenye betri moja ya V 12, Ah 7 inabeba PS4 Slim na runinga ya inchi 32 kwa dakika 10 hadi 15, muda wa kutosha kuzima kwa utaratibu. Ruta nayo ichomeke humo. Ile gadi ya friji inasaidia umeme ukishuka au kupanda, ila ikikata inakuzimia mashine ghafla, na diski haipendi hivyo.

Radi ya kweli haizuiwi na kifaa chochote cha bei hizi. Kati ya Desemba na Aprili, wingu likifunga, chomoa waya wa umeme na pia waya wa LAN (wa intaneti) na wa antena. Wengi huchomoa umeme wakaacha LAN, ikaungua bodi kupitia ruta. Kiangazi kazi ni vumbi: usiweke mashine sakafuni, na kila mwezi ipulize ikiwa imechomolewa, feni umeishika kwa kidole isizunguke.

Mashine ikishawaka, usikimbilie kulipia nyongeza ili upate bombomu. Fungua Collections ndani ya gemu, litafute Thunderlord, usome linapatikana wapi kwa wakati huo. Huwa linatoka kwenye engramu (vifurushi vya zawadi ndani ya gemu) za Exotic, daraja la silaha adimu, na mara nyingine kwa Xûr, mfanyabiashara anayefika Ijumaa saa 2 usiku kwa saa zetu na kuondoka Jumanne saa 2 usiku.