Kupima umri kwa kaboni-14: uzoefu wa kampuni ndogo ya akiolojia

Kampuni yetu ina watu wachache na haina maabara. Kazi nyingi tunazopata ni za kukagua ardhi kabla ya barabara, bomba au jengo kuanza, kuandika ripoti ya mabaki ya kale yaliyopo, na kumshauri mteja afanye nini nayo. Vipimo vya umri kwa kaboni-14, yaani kaboni yenye mionzi inayopungua polepole kiumbe kikishakufa, tunavinunua. Maabara tunayoitumia siitaji jina, kwa sababu ninachopima hapa ni huduma yenyewe, na wanaoitoa wengi hufanana. Kwa ufupi, inafaa. Ila matangazo yao yanasifu mashine na kasi, na mimi ninaporudi kwao ni kwa sababu ya maswali wanayouliza kabla hawajaigusa sampuli.

Fomu yao ni ndefu ya kuudhi. Inataka tabaka la udongo, kina, namna sampuli ilivyohifadhiwa, kama palikuwa na mizizi hai karibu, kama kuna gundi au dawa yoyote iliyopakwa. Mwishoni inauliza: unatarajia umri gani, na unataka kujibu swali gani? Hilo la mwisho ndilo linalookoa pesa. Tulipoandika kwamba tunataka kujua tanuri fulani liliwashwa lini, mtaalamu wao alipiga simu kuuliza kama mkaa tuliotuma ni wa gogo au wa vijiti. Kiini cha mti mkubwa huacha kuchukua kaboni mpya miaka mingi kabla mti haujakatwa, kwa hiyo mkaa wake unaweza kukupa umri mkubwa kuliko wa moto wenyewe. Tukatuma badala yake mbegu zilizoungua kutoka kwenye jivu lilelile. Mbegu hukua msimu mmoja tu, na kwa njia ya AMS, inayohesabu atomi zenyewe za kaboni-14, miligramu chache zinatosha. Zamani, kwa njia ya kuhesabu mionzi, mbegu mbili tatu zisingefaa kitu.

Kwa mifupa pia wana uungwana. Wanachokipima ni kolajeni, protini ya mfupa, na mfupa uliokaa kwenye udongo wenye joto au asidi mara nyingi umeshaipoteza. Hivyo wanapima kwanza kiasi cha nitrojeni kwenye kipande kidogo. Kikikosekana, unalipia jaribio hilo tu na mfupa wako unarudi. Kwa ofisi inayohesabu kila senti, hilo si jambo dogo.

Matokeo huja kwa barua pepe, na hapa naomba wenzangu wanaoanza kazi hii wasome polepole. Namba ya kwanza kwenye karatasi si mwaka wa kalenda. Huhesabiwa kurudi nyuma kutoka 1950, tena kwa kipimo cha zamani cha Libby, mwanzilishi wa njia hii, kinachosema kaboni-14 hupungua nusu kila miaka 5,568, ingawa thamani sahihi iko karibu na 5,730. Wanasayansi walikubaliana kuacha hivyo ili matokeo ya zamani na mapya yalinganishike. Lazima namba hiyo irekebishwe kwa IntCal20, mstari wa kurekebishia unaoigeuza kuwa miaka ya kalenda, au SHCal20 kwa nusu ya kusini ya dunia. Maabara hii huandika waziwazi imetumia ipi, na hutoa namba ghafi ili niirudie hesabu mwenyewe kwa OxCal, programu ya kompyuta ambayo ni ya bure. Mahali pengine nimepokea mchoro mzuri wa rangi usiosema umetokana na nini; mchoro kama huo siwezi kuutia sahihi yangu.

Mteja, bila shaka, anataka mwaka mmoja. Anapewa masafa ya karne nzima yenye uhakika wa asilimia 95 na anakuuliza amelipia nini. Kuna sampuli yetu iliyoangukia kipindi cha kati ya 800 na 400 KK, ambako mstari wa kurekebishia umelala bapa na umri tofauti kabisa hutoa namba ileile. Nilitaka kuongeza sampuli ya pili. Maabara wakaniambia wazi kwamba kipimo kimoja zaidi hakitapunguza masafa hayo kwa maana yoyote, afadhali nitegemee vigae vya vyungu. Walikataa pesa yangu, na tangu hapo nawaamini.

Sasa malalamiko. Huduma ya haraka inahesabu siku tangu malipo yathibitishwe na sampuli ikubaliwe, si tangu kifurushi kifike, na tofauti hiyo imeandikwa kwa herufi ndogo. Mkandarasi mwenye mitambo iliyosimama haelewi lugha hiyo, na anayepigiwa kelele ni mimi. Tena wanataka malipo yote mapema, wakati mteja wangu hulipa ripoti ikishapokelewa. Siku hizi naweka vipimo vya umri kama kifungu cha peke yake kwenye makadirio, chenye malipo ya awali, na naandika kwamba kitatumika endapo kitapatikana kitu kinachopimika. Wateja hukubali bila ubishi kikiwa kwenye mkataba; kikija baadaye kama nyongeza, ni vita.

Kuhusu vibali maabara haikusaidii chochote. Nchi nyingi, hasa baada ya Mkataba wa UNESCO wa 1970, haziruhusu kuvusha mabaki ya kale mpakani bila karatasi, na kipimo hiki huiteketeza sampuli, kwa hiyo kibali kitaje hilo. Kiombe kabla ya kuchimba. Na kwenye fomu kuna kisanduku kidogo cha kuomba masalio yarudishwe: kitie alama, la sivyo wataruhusiwa kuyatupa muda wa kuhifadhi ukiisha.